Unga wenye macho mengi kuliko nyama

Jumatatu, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Oktoba.

Jana nilikula sahani mbili za usipa, dagaa wa huku. Nianze hapo, kwa sababu nimeagizwa nianze hapo, na aliyeniagiza ana haki ya kuniagiza.

Joto limepanda tangu asubuhi. Upepo unaingiza vumbi jekundu hadi ndani ya kopo la sukari, na bati la nyumba linalia kama linataka kuondoka. Nimefunga mlango, nimekaa kitandani na simu yenye kioo kilichopasuka. Wanaonisoma siku zote wanajua nikikaa hivi kuna mtu atashambuliwa. Leo yupo pia. Shida ni kwamba namjua sana, na silaha zangu zote anazijua.

Wasomaji wa zamani mtakumbuka lile kopo. Nilikwenda Lilongwe, Old Town, nikasimama kwenye duka linalouza samaki wa mapambo, wale wanaowekwa kwenye tangi la kioo lenye taa. Juu ya rafu kulikuwa na kopo la chakula chao lenye picha ya mbuna, samaki wadogo wa bluu na manjano wa ziwa la hapa hapa Malawi. Kopo limetengenezwa ng'ambo. Limevuka bahari kuja kumlisha samaki ambaye ziwa lake halifiki hata nusu siku kutoka mlango wa duka. Nyuma yake kumeandikwa kwamba lina protini nyingi, na kwamba protini hiyo inatokana na "samaki na mazao ya samaki".

Nilirudi kambini nikaandika kwa siku mbili. Mazao gani? Minofu? Utumbo? Mapezi? Niliwaeleza kitu nilichofundisha Uvira, kwetu Kongo, miaka kumi na sita, kemia na biolojia, mbele ya wanafunzi waliokaa watatu kwenye dawati moja: ile protini ya kwenye lebo haipimwi kwa kutafuta protini. Maabara inapima naitrojeni, kisha inazidisha. Na naitrojeni haina adabu. Iko kwenye nyama, iko kwenye manyoya ya kuku, iko kwenye kwato, iko kwenye ngozi ya kiatu. Chemsha kiatu changu, kausha, saga, peleka maabara, kitarudi na namba ya kuaibisha maharage. Kwa hiyo mtu mwenye akili akishika chakula cha samaki haulizi kwanza kina protini kiasi gani. Anauliza protini hiyo ni ya nani, na imetoka sehemu gani ya mwili wake.

Nilimaliza kwa kusema kwamba samaki wa chumba cha kungojea daktari wa meno ana lebo inayomdanganya kwa heshima, wakati mtoto wa Dzaleka hana hata wa kumdanganya. Mlinipongeza sana. Nilisoma pongezi zenu moja moja, na nyingine nilizirudia.

Mwenye duka alisoma pia. Simjui mtu mwingine ambaye ningemtukania bidhaa akanipigia simu kunikaribisha chai. Nitamwita Bambo Mbewe, yaani Bwana Mbewe. Ni Mmalawi wa makamo aliyeendesha lori hadi Dar es Salaam miaka mingi, akarudi na Kiswahili cha barabarani na kifua kibovu, akaamua kuuza samaki kwa sababu hawapigi honi. Aliniambia, "Achimwene, ndugu yangu, kama kopo la Wazungu ni baya, basi nipe zuri."

Hapo ndipo nilipomtaja Mama Sifa.

Mama Sifa ni mjane kutoka Fizi, jirani na Uvira. Tunasali kanisa moja. Analea wajukuu watatu ambao mama yao alibaki njiani, na mimi sitaandika alibaki vipi. Kwao alikausha ndagala, dagaa wa kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika tangu akiwa msichana. Usipa wa huku si ndugu wa ndagala wetu hata kidogo, lakini mkononi mwake ni walewale: anamshika mmoja, anamvunja mgongo kwa kidole gumba, anakwambia amekauka kwenye jua au kwenye moshi, na kama mvua ilimpata. Nilikaa naye uani mwake siku tatu. Nilimpa fomula: usipa mzima, soya iliyokaangwa, majani makavu ya chamwamba, yaani mlonge, kwa sababu mbuna kwao ziwani hukwangua kijani kwenye mawe na ukiwapa nyama tupu matumbo yanavimba. Yeye anatwanga na kuchekecha, Bambo Mbewe anakanda na kugeuza punje kwa mashine yake ndogo.

Nilimfundisha pia kwa nini awe usipa mzima. Nilisema, kichwa ni mifupa mingi na majivu mengi, protini yake ni kidogo. Nyama ya mgongoni ndiyo inayojenga mwili. Kwa hiyo nyama isipungue. Alikuwa anatwanga bila kuniangalia.

"Nimesikia, Mwalimu," alisema.

Unga wake wa kwanza ulikuwa mzuri kiasi kwamba niliuandikia sifa hapa. Lilikuwa jina langu lililomfikisha dukani, na nililipenda sana hilo jambo.

Sasa Jumamosi.

Bambo Mbewe alinipigia asubuhi. Siku hizi kutoka kambini kwenda mjini unakwenda na roho mkononi, polisi wakikukuta wanakurudisha, lakini nilikwenda, kwa sababu nimeitwa kama mtaalamu na udhaifu wangu mnaujua. Nilimkuta amesimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

"Samaki wa daktari wa meno, mteja wangu, wanatema," alisema. "Wanakula, wanatema, wanakula, wanatema, kama mtoto na dawa. Maji yake yamekuwa uji. Wagonjwa wanakaa pale na meno yanauma, halafu wanaangalia uji."

"Tangi lake anasafisha?"

"Namsafishia mimi. Shida si tangi. Angalia huu."

Akaweka mezani mtungi wa unga wa Mama Sifa wa mwezi huu.

Nilinusa. Haukuwa umechacha, harufu ilikuwa safi, ya usipa uliokauka vizuri. Nilisugua kati ya vidole. Unga wa samaki mzuri una ulaini fulani, unaacha mafuta kidogo kwenye ngozi. Huu ulikwaruza. Niliweka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, nikangoja. Juu yakaelea maganda mepesi ambayo niliyajua mara moja: madeya, pumba za mahindi. Soya ilikuwa imetoka, pumba zimeingia. Chini kikatua kitu cheupe, kizito. Katikati, pale ambapo nyama hukaa kama wingu, maji yalikuwa safi.

Niliomba mkaa. Nikachoma kijiko kingine juu ya kifuniko cha bati hadi kikaacha kutoa moshi. Nyama ikiungua huondoka na kuacha kidogo sana. Unga huu uliacha majivu ya kijivu yanayojaza karibu nusu kijiko.

Kisha nikatoa kioo changu cha kukuzia, kile nilichotoka nacho darasani Uvira.

Aliyewahi kutazama unga wa samaki kwa kioo anajua kwamba jicho la samaki halisagiki kirahisi. Lenzi yake ikikauka inakuwa kijishanga kigumu, cheupe, cha mviringo. Inatoka kinuni nzima. Kwenye unga wa samaki mzima utakiona kimoja hapa, kimoja kule, kimezungukwa na nyuzi za nyama. Nilichokiona mimi ni vijishanga kila mahali, vimejaa hadi ukingoni mwa kioo. Macho na macho na macho. Nyuzi za nyama nilizitafuta kwa ncha ya sindano.

Mtu mwingine angekaa kimya kidogo. Mimi nilifurahi. Nisiposema hili, haya mengine yote ni bure: nilifurahi, kama daktari aliyeugundua ugonjwa alioutabiri.

"Huyu si samaki," nilimwambia Bambo Mbewe. "Ni vichwa na pumba. Mtu amekaa, amekula nyama yote, akakuletea kilichobaki pembeni ya sahani."

"Nani? Mama yule wa kanisani kwenu?"

"Huyo huyo."

Alijikuna shingo. Alitazama tangi, akanitazama mimi. "Basi tumuonye. Tumpe mwezi mmoja, achimwene. Labda usipa umekuwa mgumu kupatikana."

Na hapa ndipo nilipofanya nilichofanya. Nilisema hapana. Nilisema ukimsamehe kwa sababu ni mkimbizi, umemfanya ombaomba. Nilisema sisi tumechoka kuhurumiwa, tunataka kupimwa kwa kipimo kile kile wanachopimwa wengine. Ilikuwa sentensi nzuri. Mimi nina sentensi nzuri siku zote. Huwa zinakuja zenyewe, na zikishakuja siwezi kuzirudisha.

"Wewe ni mtu mgumu," alisema Bambo Mbewe.

Nilidhani ananisifu.

Alimpigia simu mbele yangu, akiwa amenipa mgongo. Nilisikia sauti ya Mama Sifa ikitoka ndogo, kama iko ndani ya debe. Hakubisha. Alisema, "Sawa, bambo. Zikomo." Simu ikakatwa. Zikomo ni asante. Alishukuru.

Nilirudi Dzaleka nikiwa nimejinyoosha. Njia nzima nilikuwa napanga mafundisho nitakayompa.

Jumapili kanisani alikuwa kwenye mstari wa kina mama, anaimba kama kawaida, kitambaa chake cha kijani kichwani. Nilimwangalia nione hasira. Sikuiona. Baada ya ibada alinikuta kwenye kivuli cha ukuta.

"Mwalimu, unakuya kula?"

Mimi naishi peke yangu. Tangu nilipofika kambi hii nimekula Jumapili kwake, isipokuwa nikiwa na malaria. Nilikwenda. Nilijiambia nakwenda kumweleza.

Alipakua bugali, na pembeni usipa kwenye nyanya na kitunguu. Mnajua tunavyompika. Wenyeji hapa wanampika mzima na kichwa chake na hawaoni tabu. Kwetu mtu akikuandalia ndagala wenye vichwa utamuuliza alikuwa anawahi wapi. Kichwa kinavunjwa kwanza, kinawekwa kando, ni kichungu. Kwenye sahani yangu walilala usipa wasafi, minofu ya mgongo imetulia kwenye mchuzi. Watoto watatu walikuwa na sahani yao moja kubwa, wanakula bila kuongea, kama watu wazima walio kazini.

Nikaanza kula, na nikaanza kufundisha. Nilimweleza kuhusu majivu. Nilimweleza kuhusu lile wingu la katikati ya glasi. Nilimweleza jinsi imani ya mnunuzi inavyojengwa, na jinsi mimi nilivyoaibika, mimi niliyemwekea jina langu. Aliniongezea. Nikala sahani ya pili nikimweleza habari za naitrojeni.

Alingoja hadi nilipoosha mikono.

"Umemaliza, Mwalimu?"

"Nimemaliza."

"Bugali ao maneno?"

"Vyote."

"Basi na mi niseme kidogo." Alikaa kwenye kinu chake alichokilaza, akakunja kanga kati ya magoti. "Ile siku ulikuya kunifundisha hapa, ulisema nini juu ya kichwa ya samaki?"

Nikajibu kama mwanafunzi. Kichwa ni mifupa, protini kidogo.

"Na mugongo?"

"Nyama ya mgongo inajenga mwili."

"Mwili ya nani?"

Nikageuka kuwatazama watoto.

"Njo vile," alisema. "We ulifikiri sikusikia. Mi nilisikia muzuri sana. Tangu banapunguza chakula ya kambi, niko na usipa ya kiasi na midomo mingi. Nikagawanya vile ulisema. Mugongo, batoto. Kichwa, samaki ya mu kioo. Ile samaki iko na taa, Mwalimu, iko na moteur ya kumupulizia hewa usiku na muchana. Haitanikufia."

Mjukuu mkubwa alicheka, akaangaliwa, akaacha.

"Na we nilikuwekaka na batoto," alisema Mama Sifa. "Kila dimanche ya kanisa. Sahani mbili."

Nilitazama ile sahani. Ilikuwa tupu, imepanguswa na tonge la mwisho hadi ua lililochorwa chini linaonekana. Jumamosi nilisimama mjini nikasema mtu amekula nyama yote akaleta kilichobaki. Nilikuwa nimesema kweli tupu. Mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Mama Sifa, ameshiba, anafundisha.

Sijui kwa nini sikuona. Nina kioo cha kukuzia. Kila Jumapili kwa miezi sita, tangu biashara ya unga ianze, nimekula samaki wasio na vichwa, na sikujiuliza hata mara moja vichwa vinakwenda wapi. Ukitaka kujua ubora wa chakula fuata kila kiungo hadi kilikotoka, niliwaandikia ninyi hapa. Mimi sikufuata hata hatua tatu, kutoka kigoda hadi kinu.

"Ungeniambia," nilisema.

"Ungefanya nini? Ungeandika."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja mvua.

"Sasa andika tu," akaongeza, akiinuka kukusanya vyombo. "Lakini uanze na sahani yako. Usianze na vichwa yangu."

Nimetii.

Asubuhi hii nilimpigia Bambo Mbewe. Nilitaka ule mwezi mmoja alioutoa Jumamosi, ambao mimi niliukataa kwa niaba ya mwingine. Alinisikiliza hadi mwisho, akakohoa.

"Nimeshaagiza unga wa Afrika Kusini, achimwene. Uko njiani. Wewe uliniambia nisimhurumie."

"Nilikosea."

"Kuhusu unga?"

Na hapo nikakwama. Kwa sababu kuhusu unga sikukosea. Unga ulikuwa mbaya. Mbuna wa daktari wa meno walitema kwa sababu hakukuwa na cha kumeza, na wao hawana kosa, wamefungiwa kwenye kioo wanakula wanachotupiwa. Ningekuwa mtu wa kusema uongo ningemwambia nilipima vibaya. Nilitafuta uongo huo mdomoni na sikuupata, na sijui kama hiyo ni heshima au ni ugumu tu ule ule. Nilimwambia ukweli wote, pamoja na sahani mbili. Nilisikia akivuta kiti. Kisha akasema, "Pole kwa mama," akasema mteja ameingia.

Soko la duka limekwenda. Usipa wa Jumapili ulikuwa unanunuliwa kwa kile alicholipwa na duka. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Mama Sifa ameshaniambia bila kinyongo kwamba Jumapili ijayo ni majani ya maboga, na nije hivyo hivyo.

Ninachokiona usiku nikifumba macho ni vile vijishanga vyeupe. Nimezoea kuona waovu kwenye kioo changu: kampuni za ng'ambo, wanaoandika ripoti, wanaogawa na kupunguza. Wapo, na sijawasamehe. Chakula hakikujipunguza chenyewe. Lakini Jumamosi sikuwa nawapima hao. Nilimpima mwanamke aliyekuwa na samaki mmoja na akajua, kuliko maabara yoyote, nyama iende wapi na kichwa kiende wapi. Alikuwa mwanafunzi bora niliyewahi kufundisha. Nilimfelisha.

Bado ana debe zima la vichwa vilivyosagwa, na hakuna wa kumuuzia. Asubuhi nililitazama, nikakumbuka jambo ambalo ningelikumbuka Jumamosi kama ningekuwa natafuta kusaidia badala ya kushinda. Majivu yale yale niliyoyalaani ni chokaa. Mbuna hana kazi nayo, lakini kuku anayetaga anaitafuta hadi kwenye ukuta wa nyumba. Ndiyo inayotengeneza ganda la yai. Biwi na Kawale, mitaa ya Lilongwe, watu wanafuga kuku wa mayai kila uwanja wa nyuma. Kwa kuku unga huu ni mzuri, ukiitwa kwa jina lake.

Kesho nakwenda Biwi na mfuko mdogo wa sampuli, nyumba kwa nyumba, mimi ambaye sijawahi kuuza kitu zaidi ya maoni. Huenda hakuna atakayenunua. Huenda nikarudishwa kambini kabla ya nyumba ya tatu. Mama Sifa nilipomwambia alinipima kwa macho, akasema, "We, kuuza? Utabagombeza bakuku."

Lebo nimeiandika kwa mkono wangu, kwenye karatasi ya daftari, kwa Kiswahili na chini yake Chichewa cha kuombea maji. Nilisema kila chakula kieleze kina nini na kilichokosekana kimekwenda wapi. Hii inaeleza:

Vichwa vya usipa. Madeya. Majani ya chamwamba. Nyama haimo. Ililiwa na watoto watatu na mwalimu mmoja.